Mbwa yako anakimbiza mbuzi na kuku za watu? Anza hapa

Kama unakaa Rongai, Kitengela, Ruai, Kamulu, Ngong ama hata Karen huko ndani, mbuzi za watu zinapita nje ya geti yako karibu kila siku, na mwaka wa ukame kama ule wa 2022 ng'ombe zinaletwa mpaka kando ya barabara kubwa za Nairobi zikitafuta majani. Kuku nazo ziko kila ploti. Sasa mtu ananunua mbwa wa ulinzi, anamfungia mchana kutwa, usiku anamfungulia, alafu siku moja geti inaachwa wazi dakika mbili na mbuzi ya mtu iko chini imetobolewa shingo. Hapo mbwa anapigwa, ama anafungwa cheni mpaka afe, ama jirani anamwekea sumu usiku. Inaniuma sana juu wengi wa hawa mbwa wangeweza kufunzwa, na huyo mwenye mbuzi pia hakukosea mtu, mbuzi ndio karo ya watoto wake.

Kitu kimoja ushike kabla hatujaanza: kazi yote iko kwa macho ya mbwa, pale anapoanza kukodolea mnyama. Ukingoja mpaka meno yatoke umechelewa, na kelele zako zote hazitasaidia.

Kwa nini anafanya hivyo

Mbwa akifukuza mbuzi hajakasirika, na mara nyingi hata hana njaa. Mbwa ameshiba ugali na matumbo hawezi hata kusimama vizuri na bado kuku ikipita mbio anaamka. Kuwinda kwa mbwa kunaenda kwa hatua: anaona, anakodoa macho, ananyemelea, anafukuza, anashika kwa meno, anaua, anararua, anakula. Kila hatua inampa raha yake peke yake, si lazima afike kwa kula, ndio maana unaweza kupata kuku kumi zimekufa na hakuna hata moja imeliwa. Na kwa sababu kufukuza kwenyewe ndio zawadi, kila siku anafukuza anazidi kupenda, hata kama hajashika kitu.

Binadamu amechezea hizo hatua kwa kuchagua mbwa wa kuzalisha. Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, amebakishiwa kukodoa, kunyemelea na kufukuza, ile ya kuua imepunguzwa sana. Jack Russell ni mbwa wa panya na mbweha, yeye anashika na kutingisha mpaka kiumbe kinyamaze, kwa hivyo usidanganywe na udogo wake ukiwa na kuku. German Shepherd, huyu tunamwona kwa kila geti Nairobi, alisajiliwa Ujerumani 1899 kutoka kwa mbwa wa kuchunga kondoo, ndio sababu anapenda kuzunguka mbuzi na kuuma miguu ya nyuma. Rottweiler alikuwa wa kuswaga ng'ombe. Ridgeback alitumika kusaka simba huko kusini mwa Afrika. Na mbwa wetu wa kienyeji anaweza kuwa mpole kabisa kwa mbuzi kama alizaliwa bomani, ama awe mwindaji hodari kama alikulia akijitafutia.

Kuhasi kunasaidia mbwa asizurure akitafuta majike na hiyo pekee inapunguza ajali, lakini usitegemee kuhasi kutatoa hamu ya kuwinda. Haitoi.

Hatua ya kwanza: mwangalie kabla umfunze

Tembea naye akiwa kwa kamba mahali mbuzi zinaonekana kwa mbali, simama, usiseme kitu, mwangalie tu. Masikio yanaenda mbele, mdomo unafungika ghafla kama alikuwa anahema, mwili unakuwa mgumu, mguu mmoja wa mbele unainuka, mkia unasimama ama unanyooka bila kutingika. Muite jina. Akigeuka, uko na mbwa wa kufunzika haraka. Asipogeuka, mpe kipande cha maini puani, akikataa maini ambayo nyumbani angekuimbia wimbo wa taifa ili aipate, basi ujue hapo mmekaribia sana na akili yake imeshaondoka. Huo umbali uweke kichwani, ndio utaanzia kazi, na utaanza nyuma yake kidogo.

Jiulize pia amewahi kufika hatua gani. Anayekodoa na kulia tu si sawa na anayefukuza, na anayefukuza akifika anasimama kunusa si sawa na aliyeshaua. Huyu wa mwisho kuwa mkweli na nafsi yako, utamfunza awe salama kwa kamba, lakini kumwacha huru karibu na mifugo ya watu sahau.

Kama uko na mbwa wawili ama watatu wafunze mmoja mmoja. Mbwa akiwa peke yake anaweza kupita kuku bila shida, akiwa na mwenzake wanachocheana na wanageuka kundi la kuwinda.

Hatua ya pili: funga mianya leo, si kesho

Mafunzo yanachukua miezi, na katika hiyo miezi asipate hata nafasi moja ya kufukuza, kwa sababu mbio moja tamu inaharibu kazi ya wiki nzima.

Geti ndio shida kubwa ya Nairobi. Gari inaingia, geti iko wazi, mbwa ametoka. Weka sheria kwa nyumba yote, soja, dada wa kazi, watoto, mtu wa kuleta maji: geti haifunguliwi mpaka mbwa awe kwa kibanda ama ameshikwa. Kama uko na uwezo weka uzio mdogo wa ndani ili akitoroka mlango mmoja akute mwingine. Fensi ya keiyapo, ule ua wa miiba, inapitika chini, ziba na mawe ama waya.

Banda la kuku, ule waya mwembamba wa kuku unazuia kuku kutoka tu, mbwa mkubwa anaurarua na meno. Tumia weldi meshi, uzike chini kama sentimita 30 ama uulaze nje kwa udongo juu yake mawe, ili akichimba akutane na chuma. Na ziba upande mmoja kwa mabati ili asikae hapo nje siku nzima akikodolea kuku. Watu wengi wanafikiria akizitazama sana atazizoea. Anachofanya hapo ni kujifunza kuzitaka, kila siku kuanzia asubuhi.

Vifaa

Si vingi. Kola pana isiyoteleza kichwani, ama hanesi ya kifua kama anavuta. Kamba ya kawaida ya mita mbili. Kamba ndefu ya mita 10 hivi, hata ya hadweya inatosha bora ushone ndoana imara mwisho, lakini hiyo ndefu ifunge kwa hanesi, kamwe isifungwe kwa kola, akichomoka mbio akafika mwisho wa kamba atajiumiza shingo. Vaa glavu, kamba inachoma viganja vibaya. Firimbi ya refa. Na kifunga mdomo cha kikapu, kile cha waya ama plastiki kinachomwacha aheme na kunywa maji, siyo kile cha kitambaa kinachobana mdomo, hicho kwa jua letu mbwa anaweza kuzidiwa na joto. Mzoeshe kikapu polepole nyumbani kwa kuweka chakula ndani yake, siku kadhaa kabla ya kukifunga.

Zawadi chemsha maini ama firigisi, kata vipande vidogo vya ukubwa wa kunde, weka kwa fiza vikitoka unabeba mfukoni. Biskuti za dukani kwa mbwa anayeona mbuzi hazina nguvu.

Hatua ya tatu: msingi ufanyike nyumbani

Usikimbilie mbuzi. Wiki mbili tatu za kwanza ni kwa uwanja wako bila mfugo wowote.

Firimbi: puliza mara moja, mpe maini, hata kama amesimama tu mbele yako. Fanya hivyo mara kadhaa kwa siku kila akipewa chakula, mpaka akiisikia popote anakuja mbio. Usiwahi kuipuliza ukitaka kumpiga, kumwosha ama kumfungia, kwa sababu siku utaihitaji kweli ataikumbuka kwa mabaya. Na usipulize mara kumi, moja tu, kama hakuja ulikuwa umemuomba kitu kigumu kuliko kiwango chake.

"Acha": shika chakula ndani ya ngumi, anuse, alambe, ahangaike, nyamaza. Akirudisha pua nyuma hata kidogo sema "safi" na umpe kipande kutoka kwa mkono ule mwingine. Akishajua, weka chini ukiwa umefunika na mguu, baadaye bila kufunika, baadaye kitu kinachobingirika, juu kitu kinachotembea ndicho kinamshinda.

"Niangalie": kila mara anakutazama machoni kwa hiari yake, sema "safi" na ulipe. Wengi wanaona hii ni ya watoto, lakini ndiyo utaitumia zaidi barabarani.

Hatua ya nne: mbuzi kwa mbali

Hapa ndio kazi yenyewe, usiharakishe.

Kwanza ongea na mchungaji. Mtu anachunga mali yake, anaona mtu anakuja na German Shepherd mkubwa, lazima ashike rungu. Msalimie ukiwa mbali bila mbwa: "Habari ya leo mzee, mbuzi zinaendelea aje? Niko na mbwa namfunza asisumbue mifugo, naweza simama pale mbali, amefungwa kamba, hatakaribia." Wengi watakubali na wengine watakufunza vitu hukujua, wamekaa na mbwa na mbuzi pamoja tangu utotoni. Akikataa shukuru, utafute kwingine. Epuka mbuzi zenye vitoto vidogo na ng'ombe aliyezaa juzi, ng'ombe mwenye ndama anaweza kuvamia mbwa na wewe pia, na punda hapendi mbwa kabisa, teke lake linavunja mbavu.

Simama umbali ambao anaona mbuzi lakini bado anakula maini. Kwa wengine ni mita 50, kwa wengine 150 ng'ambo ya uwanja. Akiangalia mbuzi, sema "safi" papo hapo, kabla hajakakamaa, na umpe maini upande wa nyuma yako ili ageuke kuipata. Anaangalia, safi, anageuka, anakula. Tena. Baada ya muda utaona anaangalia mbuzi alafu anageuka mwenyewe kukuangalia, kama anakuuliza maini iko wapi. Hiyo ndiyo siku ya kufurahia, mlipe vipande vitano mfululizo na uende nyumbani.

Dakika kumi zinatosha. Mbwa anachoka akili kabla ya miguu, na makosa mengi yanatokea ile dakika ya mwisho mtu anasema tujaribu tena kidogo. Akikodoa na kuganda, usimvute kwa nguvu ukipiga kelele, rudi nyuma kwa utulivu ukizunguka nusu duara mpaka apate akili yake, uanzie hapo. Akishindwa mara mbili mfululizo uko karibu sana.

Umbali punguza kidogo kidogo, mita tano siku hii, siku nyingine urudi nyuma tena ili asichoke. Na kumbuka mbuzi zimelala si sawa na mbuzi zinatembea, na mbuzi zinakimbia ni kitu kingine kabisa, kila moja inaanza upya kutoka mbali. Kondoo wana tabia ya kukimbia pamoja kundi lote, hiyo inamwasha mbwa haraka kuliko mbuzi wanaotawanyika ama kusimama kumtazama.

Mkishakuwa vizuri na kamba fupi hamia ile ya mita 10, inaburuta chini lakini mwisho uko mkononi. Hapo jaribu firimbi akiwa ameona mbuzi. Akija mara moja mlipe maini yote iliyobaki mfukoni. Kumtoa kamba kabisa kando ya mifugo ya watu wengine mimi sishauri, hata kama amefanya vizuri mwaka mzima. Hata ukienda msitu wa Karura matembezi kule kuna kima na paa wadogo, na huko pia abaki kwa kamba.

Hatua ya tano: kuku wa nyumbani

Hawa ni wagumu kwa sababu wanapiga mabawa, wanalia, wanakimbia ovyo, kila kitu mbwa anapenda. Fanya kazi ile ile ya macho, mbwa kwa kamba, kuku ndani ya banda. Baadaye kuku nje, mbwa kwa kamba na kikapu mdomoni, wewe umekaa kwa stuli na maini. Msifu akilala chini, akinusa nyasi, akigeuza uso. Mtu mwingine arushie kuku mahindi ili ziende mbio kidogo, mbwa akikaa lipa vizuri.

Mbwa ambaye hajawahi kushika kuku anaweza kufika mahali anapita katikati yao bila shughuli. Lakini kuwaacha pamoja bila mtu, ukienda kazini, sifanyi na sikuambii ufanye. Mlango mmoja kati yao ni rahisi kuliko kuzika kuku. Mayai pia okota mapema.

Mpe kazi nyingine

Hamu ya kuwinda haitoki, inatafuta njia, kwa hivyo mpe njia yako. Funga kitambaa ama ngozi kwa kamba mwisho wa fimbo ndefu, kizungushe chini akifukuze, amri ya kuanza na ya kuachia iwe yako, dakika tano kila jioni. Rusha chakula chake cha siku ndani ya nyasi akitafute na pua badala ya kumwekea kwa bakuli. Mchezo wa kuvutana kamba pia. Mbwa anayefungiwa masaa 12 kwa kibanda cha mita mbili alafu anafunguliwa usiku ana hamu ya siku nzima mwilini, usimshangae.

Ukiwa na kitoto cha mbwa wewe umebahatika. Kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 hivi ndio anaamua nani ni jamaa na nani ni mgeni duniani, hapo aone mbuzi, kuku, ng'ombe, kila wiki, akiwa mtulivu na asiruhusiwe kufukuza hata kwa utani. Huko Namibia, shirika la kulinda duma la Cheetah Conservation Fund wanafanya hivi tangu 1994, wanalea mbwa aina ya Kangal pamoja na mbuzi tangu wakiwa wadogo na wanakuja kuzilinda dhidi ya duma. Ongea na daktari wa mifugo kuhusu chanjo kabla ya kumpeleka kwa boma la watu.

Mambo ya kuacha

Kumpiga akirudi nyumbani na damu mdomoni, yeye anaelewa ameadhibiwa kwa kurudi, kesho hatarudi. Kumfunga kuku aliyekufa shingoni mpaka aoze, hiyo ni mateso na inaweza kumletea ugonjwa. Yai la moto mdomoni ati aache kula mayai, unamchoma ulimi na ataendelea kufukuza kuku kama kawaida. Kumlisha pilipili ama bangi awe mkali, tafadhali. Kola za umeme zinauzwa mtandaoni, Wales walizipiga marufuku 2010, na hatari yake ni kwamba mbwa anaunganisha maumivu na chochote anachoona hapo hapo, inaweza kuwa mtoto wa jirani.

Watu wanasema nyama mbichi inamfanya mbwa muuaji. Haina ukweli, lakini maini na mapafu mabichi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe usimpe kwa sababu nyingine: kuna mnyoo mdogo anaingia kwa mbwa hapo, mayai yake yanatoka na kinyesi na kumpa mtu uvimbe wa maji kwenye ini ama mapafu. Turkana umewatesa watu miaka mingi. Chemsha vizuri, na umpe dawa ya minyoo yenye praziquantel kwa ratiba ya daktari.

Ikitokea ameshika

Usimpige, anazidi kubana. Usimvute nyuma, nyama inachanika. Msogelee kwa nyuma, shika kola, msukume kuelekea kwa mbuzi huku ukiinua kola juu mpaka hewa impungukie aachie, kisha mfunge mbali. Mwagia maji kama yako karibu. Mikono yako mbali na mdomo wake na wa mbuzi, ukiumwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wako.

Jeraha la mbwa linadanganya. Nje unaona vishimo viwili vidogo, ndani nyama imesagika na uchafu umeingia. Ita daktari wa mifugo siku hiyo. Mbuzi ama kondoo mwenye mimba aliyefukuzwa bila kuumwa anaweza kuharibu mimba siku zinazofuata, na kuku wakijazana kwa kona wanakosa hewa na kufa bila jino kuwagusa, kwa hivyo usiseme "hakumuuma" ukaondoka. Mpe mwenye mifugo namba yako, lipa daktari kwanza, bei ya mnyama mtaongea baadaye mkiwa na mtu mzima wa mtaa ama chifu, na ikiwa karibu na Idd ama Krismasi bei itakuwa juu na ni haki yake. Kama mbwa ni mgeni asiyejulikana ama chanjo yake ya kichaa cha mbwa imepita mwaka, piga ripoti kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, na huyo mnyama aliyeumwa asichinjwe kuliwa mpaka waseme.

Alafu mbwa wako apumzike siku chache nyumbani, kamba fupi, hakuna mifugo mbele ya macho, na mkirudi uwanjani mnaanza mara mbili ya umbali mliokuwa mmefikia.